Bakuli Nililolikana

Kama hukununua gazeti Jumamosi iliyopita, hukukosa heri. Ulikosa tu kuniona mimi, Harith wa Langoni, mwuza vitu vya kale, nikishuka mashuani Mbwajumali na kuzama topeni hadi magotini, kanzu yangu ya kuposea nimeikunja kiunoni, kiatu kimoja kimebaki huko huko topeni mpaka leo.

Wenye kufuatilia mnajua yaliyotangulia. Duka langu la Lamu lilifungwa kwa sababu ya birika la kahawa nililomwuzia mgeni kwa maneno matamu, nikimhakikishia ni la zama za masultani. Mgeni akaligeuza, akakuta chini pamepigwa muhuri wa kiwanda na nambari ya simu. Akaipiga pale pale. Ikapokelewa.

Tangu siku ile niliapa sitatamka neno juu ya kitu chochote kabla sijakigeuza na kukitazama tako. Kiapo hicho nimekishika. Safari hii kilichoniponza ni ulimi wangu, na si kwa kusifu. Ni kwa kukataa kusifu.

Nilikwenda kumposa Sundus, mwalimu wa chekechea pale Mbwajumali, kisiwani Pate. Baba yake amekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno lote lilikuwa kwa ami yake, Bwana Mahmud, mtu mkavu, mwenye kusikiliza huku amefumba macho hadi ukadhani amelala.

Alinisikiliza. Nikamaliza. Akafumbua jicho moja.

"Sundus hatumpi mtu asoyua kazi yake," alisema, kwa lahaja ya kwao ambamo 'j' huwa 'y' na 'ch' huwa 't'. "Wewe wasema wayua zitu za kale."

"Ndiyo, ami. Ndiyo kazi yangu."

"Birika la kahawa tumelisikia mpaka huku."

Nikajifanya natengeneza kanzu.

"Basi kuna bakuli humu ndani," akaendelea. "Litukue, ulitazame, kisha unambie ni kitu gani. Kesho nitakupa yawabu ya posa."

Nilikaribia kumbusu. Posa nyingine hutaka dhahabu, nyingine hutaka nyumba. Mimi ninatakiwa kutazama bakuli! Kama ni kwa kuulizwa kuhusu bakuli, nikajiambia, basi Sundus ni wangu, na watoto wetu nishawapa majina.

Bi Mwanatumu, mama yake Sundus, alinikaribisha sebuleni. Mama laini, mwenye kucheka kwa bega. Bakuli lilikuwa kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani ambacho nyumba zetu za mawe huwekewa vyombo vya fahari. Hili lilikuwa limejaa vifungo, sindano na betri za tochi zilizokufa.

Nikavimwaga. Nikatoa lenzi yangu. Nikaligeuza.

Jamani.

Duara la tako halikupakwa rangi, na chembe za mchanga wa tanuru zilikuwa zimegandia pale pale zilipogandia siku lilipochomwa. Ukingoni mwa duara palikuwa na mstari mwembamba wa wekundu, kama kutu. Samaki wa buluu waliochorwa pembeni hawakulingana hata wawili, kwa maana walichorwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na haraka. Cha kiwanda ukikitia lenzi unaona vidoa vidoa vya uchapaji. Hapa hapakuwa na kidoa.

Ndani lilikuwa na mikwaruzo ya vijiko, mingine inakwenda huku, mingine kule. Wazeeshaji wa vitu bandia, na baadhi yao nawajua kwa majina, hukwaruza upande mmoja tu kwa sababu mkono wao unachoka. Na ufa mmoja mkongwe, fundi wa zamani alikuwa ameushona kwa vibanio vidogo vya chuma. Mtu haendi kwa fundi kushonesha bakuli ambalo hana shida nalo.

Nikaligonga kwa ukucha. Hata kwa ufa wake, likaimba.

Lilikuwa kauri ya Kichina, ya kweli, ya zamani sana. Miaka yote niliyohangaika na makasha yasiyo na funguo na saa zisizotembea, sikupata kushika kitu kama kile. Nikaligeuza tena, kwa raha tu.

"Haya, nambia mwanangu," alisema Bi Mwanatumu. Ami Mahmud naye alikuwa amesimama mlangoni. "Ni kitu?"

Hapo hapo, nyuma ya pazia la chumba cha pili, mtoto mchanga akalia.

Nilisahau! Umi, dada mkubwa wa Sundus, alikuwa amejifungua na arobaini yake haijatoka. Mtoto alikuwa ndani ya nyumba ile ile, hatua chache kutoka nilipokaa na lenzi yangu.

Msomaji wa bara utaniuliza ugumu uko wapi. Ndugu yangu, kwetu nyumba yenye mtoto mchanga hakisifiwi kitu ndani yake. Hasifiwi mtoto, halisifiwi pazia, haisifiwi hata chai. Mtoto mwenyewe bibi zake humwita kibaya, kisura kama chura, ili jicho la watu lipite mbali. Na usiniambie ningetanguliza mashaallah. Mashaallah ya mtu wa kawaida inatosha. Mimi kazi yangu ni kutia vitu bei, na jicho la mtia bei watu hulikimbia. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa akinifukuza jikoni anapokaanga sambusa.

Basi nikafanya alivyonifundisha yeye.

"Si kitu, Bi Mwanatumu," nikasema, nikalirudisha kidakani. "Bakuli tu. La kutilia uji."

Bi Mwanatumu akamshukuru Mungu, akarudisha vifungo vyake. Ami Mahmud akafumba macho. Nilimtupia ishara ya uso, kwamba tuzungumze nje, lakini mtu aliyefumba macho utamtupia nini? Adhana ya magharibi ikalia, akaondoka.

Nikasema si neno. Nitamwambia baada ya isha, msikitini, mbali na mtoto.

Lakini Bi Mwanatumu alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka, nami nilikuwa sijala tangu nitoke Lamu. Nikala. Nikaegemea mto. Ninachokumbuka baada ya hapo ni jogoo.

* * *

Niliamshwa na kelele za vyombo.

Bi Mwanatumu alikuwa amekaa mkekani, anapanga sahani mpya za melamini, nyekundu na za manjano, akiinua moja moja kuitazama mwangani. Pembeni yake palikuwa na chupa ya chai yenye picha ya waridi.

Nikatazama kidaka. Vifungo vilikuwepo. Sindano zilikuwepo. Betri zilikuwepo.

"Bi Mwanatumu, bakuli li wapi?"

"Bakuli lipi?"

"La jana. La samaki."

"Aa, lile! Limekwenda zake." Akacheka kwa bega. "Arobaini ya mwana imekaribu na sahani za kupakulia wageni sina. Wewe ushinambia si kitu. Barka amekuya na alfajiri, nikampa, akanipa hizi. Tazama, hazivunjiki hata ukizitupa."

Akaitupa moja sakafuni kunionyesha. Kweli haikuvunjika. Kilichovunjika ni mimi.

Barka wa Siyu namjua. Ni mwenzangu kazini na mwiba wangu kooni. Yeye hana duka. Ana pikipiki yenye makapu mawili, anazunguka kijiji hadi kijiji, anatoa sahani mpya na kuchukua vya kale, kisha anavishusha Lamu na kuniuzia mimi, na baada ya mimi kufunga duka, anawauzia walionicheka. Ana meno mazuri na hujua kuyatumia.

"Ami Mahmud amesemaje?" niliuliza.

"Ami yuko Faza tangu alfajiri, ana shughuli. Hayui lolote. Lakini atasemaje? Si kitu."

"Na Barka kaelekea wapi?"

"Amesema yuwaenda Mtangawanda, apate boti."

Niliondoka bila chai. Nikapata kijana wa bodaboda, nikamwomba akimbie. Akasema inshaallah. Alikimbia mpaka nyumba ya kwanza, akasimama kumwamkia shangazi yake. Akakimbia tena, akasimama kumuuliza mtu habari za mbuzi aliyepotea. Sikupata kujua kwamba Pate ina watu wenye afya njema kiasi kile na kwamba wote lazima waulizwe hali.

Jua lilikuwa limenikalia utosini nilipomwona Barka kando ya gati la Mtangawanda. Boti ilikuwa haijaja. Pikipiki yake alikuwa ameilaza ubavu, ameifungua injini, na yeye amechutama, ana kazi.

Alikuwa anaosha skrubu kwa petroli. Ndani ya bakuli.

"Barka!"

"Bwana Harith! Karibu. Mikono imechafuka, nisamehe."

Samaki wa buluu walikuwa wanaogelea katika grisi. Nilitaka kulia, na nasema kweli, kidogo nililia, ila nikasingizia vumbi.

"Hilo bakuli," nikasema, nikijitahidi sauti isipande. "Mwenyewe amelikumbuka. Mama mtu mzima, unajua tena. Nipe nimrudishie."

"Si wewe uliyesema si kitu?"

"Nani kakwambia?"

"Bi Mwanatumu. Kaniambia Harith wa Langoni amelitia lenzi, akasema la uji. Nikasema basi, Harith akisema si kitu, si kitu. Ndiyo maana nimelitia skrubu. Lingekuwa kitu, ningelitia kapuni na vingine." Akanitazama kwa chini. "Sasa mbona umekuja mbio?"

"Sikuja mbio."

"Umevaa kiatu cha mwanamke."

Nikatazama. Katika haraka yangu ya kutoka, na kiatu changu kimoja kikiwa topeni, nilichomeka mguu katika kandambili yenye ua la plastiki. Ya Sundus, bila shaka.

"Nataka kumridhisha mkwe, basi," nikasema. "Bure sitaki. Taja kitu."

Barka akafuta mikono kwa tambara, bila haraka. "Nipe lenzi yako."

Lenzi ile ndiyo iliyobaki katika duka langu. Kila kitu kingine kilikwenda na birika. Nikaitoa mfukoni, nikampa. Nilipokea bakuli, nikamwaga skrubu, nikalipangusa kwa kanzu ya kuposea mpaka samaki wakarudi rangi yao. Halikupata hata alama. Nikahema kama mtu aliyetolewa kisimani.

Barka alikuwa ameshaiweka lenzi jichoni. Hakutazama bakuli. Alinitazama mimi, uso wangu, jinsi nilivyolikumbatia.

"Ngoja nifunge injini," akasema. "Tunarudi pamoja. Na mimi nina shughuli nyumba ile."

"Shughuli gani?"

"Yangu."

Ningefanyaje? Kijana wa bodaboda alikuwa amekwisha kwenda zake, kumwamkia mtu.

* * *

Mnaona tulivyoingia Mbwajumali? Barka mbele na meno yake, mimi nyuma nimekumbatia bakuli, mguu mmoja una ua la plastiki. Hata mimi ningejiona kwa mbali ningesema hawa wawili wana lao.

Ami Mahmud alikuwa amerudi kutoka Faza. Alikuwa amekaa barazani, nje ya nyumba, macho yote mawili wazi. Bi Mwanatumu alisimama kizingitini, amembeba mjukuu amemfunika gubigubi. Hakuwa anacheka.

"Bakuli limerudi!" nikapaza sauti. "Ami, nilikuwa nataka kukwambia tangu jana..."

"Shuka tini kwanza," alisema Ami Mahmud.

Nikashuka.

"Bakuli hilo babangu alipewa shamba la minazi alitoe. Akakataa." Alisema polepole. "Mimi nayua ni kitu gani. Sikukuuliza bei, Harith. Nalitaka kukuona wewe."

Kumbe alijua! Alikuwa anajua tangu mwanzo, na mimi nikamwambia la uji.

"Yana umesema si kitu," akaendelea. "Leo alfajiri mwenzio amekuya kulitukua kwa sahani za plastiki. Sasa mwarudi nalo nyote wawili, kwa pikipiki moya. Ndia hiyo twaiyua. Mmoya hulishusha thamani, wa pili hulizoa."

"Ami, wallahi hatukupanga! Wezi wangerudi?"

"Mwizi akisikia mwenyewe amerudi kutoka Faza, hurudi."

Barka alikuwa anaangalia mawinguni.

Basi nikasema kweli. Niliona hakuna kingine. "Nililijua, ami. Nililijua mara tu nilipoligeuza. Ni kauri ya Kichina, ya kale hasa, na sijapata kushika mfano wake. Lakini mtoto alikuwa ndani. Niliogopa kusifu, kwa ajili ya jicho. Nikasema si kitu ili kumlinda mtoto."

Nilidhani nimejiokoa. Bi Mwanatumu akarudi nyuma, akamkaza mjukuu kifuani.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe moyoni ulilipenda hivyo, na mato yako ukalikazia, ukaficha! Ndiyo maana mwana huyu hakulala usiku kucha! Analia tangu ulipoondoka kidakani!"

"Bi Mwanatumu, nilisema si kitu..."

"Mdomo wasema si kitu, mato yasema nini?"

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mama mmoja alimvuta mwanawe, akamfunika uso kwa leso asije akaonwa nami.

"Tagua moya," alisema Ami Mahmud. "Kama hukuliyua, huna kazi. Kama uliliyua kwa wizi, huna dini. Kama uliliyua kwa mato, nyumba yangu yenye mwana mtanga huingii tena. Wewe ni upi?"

Katika yote matatu, Sundus simpati. Nililitazama bakuli mikononi mwangu na nikalichukia.

"Si mwizi, ami."

Ilikuwa sauti ya Sundus. Alitoka nyuma ya pazia la mlango, buibui kichwani, akasimama kando ya mama yake. Sijui niseme nilifurahi kiasi gani. Nilisahau hata ua la plastiki.

"Barka hakupangana naye," alisema. "Nilimpigia simu mimi, alfajiri. Mama alitaka sahani, na mtaalamu ameshasema bakuli si kitu. Kosa liko wapi?"

Ami Mahmud akafikiri. Akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Nikavuta pumzi. Nilimtazama Sundus kwa shukrani, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Hii tabia yake naijua," akasema. "Lamu, kwa kinyozi, walimwuliza msichana anayemposa yukoje. Akasema wa kawaida tu. Eti hana la kusimulia. Habari zikanifikia mpaka darasani."

Nilisema. Ni kweli nilisema. Kinyozi alikuwa amejaza watu, macho yote yananitazama kwenye kioo, na mimi Sundus nilikuwa nampenda hata kumtaja nilikuwa naogopa. Nikawaambia wa kawaida, ili wamwache.

"Nilikuwa nakulinda," nikasema.

"Bakuli umelikimbilia jua lote hili, kwa kandambili yangu." Sauti yake ilikuwa haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Ukalipangusa kwa kanzu. Umerudi umelitaja mbele ya mtaa mzima, lilivyo na lilikotoka. Haya, na mimi? Ami yupo, mama yupo, majirani wapo. Sema. Mimi ni kitu gani?"

Maneno nilikuwa nayo. Wallahi nilikuwa nayo, mengi, ya kujaza gazeti hili lote na la wiki ijayo. Lakini kumsifu binti wa watu mbele ya ami yake, barazani, mchana, na mama yake amembeba mtoto mchanga? Ulimi ulikuwa haujui njia hiyo. Nilifungua mdomo. Nikajikuta nalipangusa bakuli.

Nyuma yangu nikasikia Barka anapiga makofi kukung'uta vumbi la mikono.

"Ami Mahmud," alisema, "sahani zilikuwa kisingizio. Zingekuwa sahani peke yake ningemtuma mtu. Mimi nimekuja kumposa Sundus. Na nasema mbele ya wote, bila kuficha, hakuna kisiwani hapa wa kulinganishwa naye, kwa akili, kwa adabu, wala kwa sura. Mungu amhifadhi."

Sundus hakuinua uso, ila hakurudi ndani.

Ami Mahmud akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Kisha akajisogeza pembeni, akapangusa kwa kiganja pale palipobaki wazi.

"Keti, mwanangu," akasema.

Nilikwisha piga hatua kabla sijatambua kwamba alikuwa anamwambia Barka.